Uthibitisho wa Hisabati Nao ni Insha

Mwanafunzi aliyezoa alama ya A katika somo la Hisabati kwenye mtihani wa KCSE huingia chuo kikuu kwa madaha. Amekokotoa matriksi, amechora grafu, amepiga hesabu za riba na za pembetatu, na kila karatasi ya saa mbili na nusu ameimaliza kabla ya muda kuyoyoma. Kisha, katika majuma ya kwanza ya muhula, anapewa zoezi lenye swali fupi: thibitisha kwamba jumla ya nambari mbili za witiri ni nambari shufwa. Anatabasamu. Anaandika kwamba 3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16, 11 na 13 ni 24. Anapiga mstari na kuhitimisha kwamba kauli imethibitika. Karatasi inaporudi anakuta sifuri, na kando yake maneno matatu kwa wino mwekundu: "Na nyingine je?"

Aghalabu mwanafunzi huyo hujiona ameonewa. Je, hesabu zake zina kosa? Hazina. Je, kauli aliyopewa ni ya uongo? La hasha. Kilichomponza ni kwamba aliulizwa kuhusu nambari zote za witiri, ambazo hazina mwisho, naye akajibu kuhusu nambari sita. Tangu siku hiyo baadhi ya wenzake hushika njia ya mkato: hukariri thibitisho za ubaoni kama kasuku, wakazitapika katika chumba cha mtihani, wakazisahau. Wengine huamua kwamba hawakujaliwa akili ya Hisabati, wakahamia kozi nyingine. Hasara hiyo haiishii kwao. Walimu wa Hisabati wa shule zetu za upili hutoka katika madarasa hayo hayo, na mwalimu aliyekariri uthibitisho hatakuwa na lingine la kufundisha ila ukariri.

Msimamo wa makala haya ni kwamba ugumu wa uthibitisho, kwa sehemu kubwa, ni ugumu wa uandishi. Uthibitisho ni insha. Una mwandishi na una msomaji. Una kauli inayotetewa, na hatua zinazofuatana kiasi kwamba anayekubali ya kwanza hana budi kukubali ya mwisho. Maadamu ni insha, haufai kufundishwa kwa kunakiliwa ubaoni tu. Ufundishwe kama insha inavyofundishwa, kwa kuandika, kusomewa, kusahihishwa na kuandika upya. Aidha, mwanafunzi wa Kenya anafaa kuruhusiwa kuuwaza na kuunena kwa Kiswahili kabla ya kuuandika kwa Kiingereza.

Kosa la mwanafunzi wetu halikuzaliwa chuoni. Katika karatasi ya Insha ya KCSE aghalabu huwapo swali la methali. Mtahiniwa husimulia kisa kimoja cha kijana aliyewakaidi wazazi wake akaishia pabaya, kisha akafunga kwa kusema: ama kweli, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msahihishaji haulizi iwapo wako vijana wakaidi waliofanikiwa. Wala hana haja ya kuuliza, kwa kuwa kazi ya insha hiyo ni kudhihirisha maana ya methali, na kwa kazi hiyo kisa kimoja kilichosimuliwa vyema kinatosha. Fasihi simulizi yenyewe huziruhusu "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" kukaa chini ya paa moja bila ugomvi, kila moja ikingoja siku yake. Katika Hisabati mambo sivyo. Kauli mbili zikikanushana, moja lazima iondoke. Na kauli inayosema "kila" huangushwa na kighairi kimoja tu.

Kwamba mifano haitoshi si ukaidi wa wahadhiri. Nambari tasa ni nambari kamili iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa nambari yenyewe. Sasa chukua nambari kamili yoyote kuanzia 0, izidishe kwa yenyewe, ongeza nambari hiyo hiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 utapata 41; ukianza na 1 utapata 43; na 2, 47; na 3, 53. Zote ni tasa. Ukiendelea hadi 39 hutakutana na hata moja isiyo tasa. Ni nani ambaye, baada ya mifano 40 mfululizo isiyo na dosari, hatasema kwamba kanuni hii haikosei kamwe? Lakini 40 ikifika, jibu ni 1681, nayo ni zao la 41 na 41. Kanuni hii, inayohusishwa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, ingestahili kuwa somo la kwanza la kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ingemwonyesha kwa nini anaulizwa "Na nyingine je?" kabla hajaulizwa kwa wino mwekundu.

Basi jibu lililotakikana lingesomekaje? Kwa Kiswahili lingesomeka hivi:

Tuchukue nambari zozote mbili za witiri, tuziite a na b. Kwa fasili, nambari witiri ni ile ipatikanayo kwa kuzidisha nambari kamili fulani kwa 2 kisha kuongeza 1. Kwa hivyo ipo nambari kamili m ambayo a = 2m + 1, na ipo nambari kamili n ambayo b = 2n + 1. Tukizijumlisha, a + b = 2m + 2n + 2, yaani 2(m + n + 1). Kwa kuwa m + n + 1 ni nambari kamili, jumla hiyo ni zao la 2 na nambari kamili. Kwa fasili, basi, jumla hiyo ni shufwa.

Hesabu iliyomo humu ni ya darasa la nane. Kazi nzito imebebwa na maneno: zozote, kwa fasili, kwa hivyo, ipo, kwa kuwa, basi. Yaondoe maneno hayo na kitakachosalia ni rundo la herufi na alama za kujumlisha, mfano wa tofali zisizo na saruji. Neno "zozote" ndilo linalojibu swali la msahihishaji. Mwandishi hakuchagua 3 wala 5. Alichukua nambari asizozijua, akazisemea yale tu yanayozihusu nambari zote za jamii yao. Neno "kwa fasili" nalo humlazimisha kurejelea maana iliyokubaliwa badala ya hisia zake kuhusu witiri na shufwa.

Makosa ya wanaoanza, yakichunguzwa, hudhihirika kuwa makosa ya lugha. Wako wanaoandika a = 2m + 1 na b = 2m + 1, wakitumia m ile ile kwa nambari zote mbili. Aljebra itakayofuata haitakuwa na kosa hata chembe, ila watakuwa wamethibitisha tu kwamba nambari witiri ikijumlishwa na yenyewe huzaa shufwa. Ni sawa na mwandishi wa riwaya aliyewapa wahusika wawili jina moja, akashangaa msomaji anapodhani ni mtu mmoja. Wako pia wanaoanza na kile walichotakiwa kukifikia, wakazunguka nacho ukurasa mzima na kurudi walikoanzia. Msahihishaji wa insha ya Kiswahili hulifahamu kosa hilo vilivyo: ni hoja inayojirudia kwa maneno mapya.

Kosa la hatari zaidi ni la mpangilio wa "kila" na "kuna". Linganisha sentensi hizi mbili: "Kila mtoto ana mama yake" na "Kuna mama mmoja ambaye ni mama wa kila mtoto." Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayezichanganya. Lakini mwanafunzi huyo huyo, anapofika kwenye somo la vikomo katika kalkulasi, huambiwa kwamba kwa kila epsiloni kuna delta, naye huandika kwamba kuna delta kwa kila epsiloni, akidhani amebadilisha mtindo tu. Amebadilisha maana. Katika sentensi ya kwanza delta huweza kubadilika kila epsiloni inapobadilika, jinsi mama anavyobadilika kwa kila mtoto. Katika ya pili delta moja inatakiwa kuzitosheleza epsiloni zote. Asijilaumu kupita kiasi. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa vigogo wa Hisabati nchini Ufaransa, alichapisha kauli kuhusu jumla za mifululizo isiyo na mwisho ambayo, kama inavyosomwa na wengi, ina tatizo la namna hiyo hiyo. Mwaka 1826 Niels Henrik Abel, kijana kutoka Norway, alitaja kighairi kinachoipinga. Ilichukua miaka mingine kadhaa kabla ya wanahisabati kuipata lugha ya kutenganisha maana hizo mbili.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kumfaa mwanafunzi. Chukua uthibitisho kwa njia ya ukinzani, ambapo mtu hukubali kwa muda jambo analotaka kulikanusha, akalifuata hadi lijiangushe lenyewe. Wanafunzi wengi hupotea njiani. Mistari mitatu tu baadaye wamesahau kwamba wanatembea katika ulimwengu wa kudhania. Kiswahili kina kiambishi cha kulinda kumbukumbu hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, nacho ni -nge-. Hoja mashuhuri iliyotokana na Euclid, aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, huweza kuelezwa hivi:

Lau orodha ya nambari tasa ingekuwa na mwisho, tungeweza kuziandika zote. Tungezizidisha zote pamoja, kisha tungeongeza 1. Nambari ambayo tungeipata ingekuwa kubwa kuliko 1, kwa hivyo ingegawika bila baki kwa nambari tasa fulani. Lakini tungeigawa kwa tasa yoyote ya orodha ile, ingebaki 1. Tasa inayoigawa, basi, ingekuwa nje ya orodha, ilhali tulikwisha kusema kwamba orodha ina tasa zote. Huo ni ukinzani. Kwa hivyo orodha ya nambari tasa haina mwisho.

Kila -nge- humkumbusha msomaji kwamba bado yumo katika dhana, na kutoweka kwake katika sentensi ya mwisho humwarifu kwamba amerudi kwenye ukweli. Tena hoja hii hufundisha umakini. Wengi huikariri wakisema kwamba nambari mpya lazima yenyewe iwe tasa. Hoja haikusema hivyo. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kisha ongeza 1. Utapata 30031, ambayo ni zao la 59 na 509. Si tasa, ila wagawanyi wake wote wawili wako nje ya orodha, jinsi hoja ilivyodai. Asiyesoma neno kwa neno atadai zaidi ya alichothibitisha.

Upatanisho wa ngeli nao ni msaada mkubwa. Katika aya yenye mstari, jumla na kigawanyo, "huo" utarejelea mstari, "hiyo" itarejelea jumla, na "hicho" kitarejelea kigawanyo. Msomaji hakisii. Hata hivyo, haki itendeke: Kiswahili nacho kina mitego yake. Anayesema "Wanafunzi wote hawakufaulu" huenda akamaanisha kwamba hakuna aliyefaulu, au kwamba si wote waliofaulu. Katika mazungumzo muktadha huamua. Katika uthibitisho hapana budi kuandika "hakuna mwanafunzi aliyefaulu" ama "si wanafunzi wote waliofaulu". Vivyo hivyo, anayekubali kwamba mvua ikinyesha uwanja hulowa hana ruhusa ya kuona uwanja umelowa akahitimisha kwamba mvua ilinyesha. Pengine kuna aliyemwaga maji. Mwanafunzi anayeiona mitego hii katika lugha aliyoizoea ataitambua upesi itakapomjia kwa lugha ya mtihani.

Bila shaka watakuwapo wapinzani. Wa kwanza watasema kwamba Hisabati ni lugha ya alama, haihitaji Kiswahili wala Kiingereza. Hao wasome tena mlinganyo wowote kwa sauti. Alama ya usawa ni kitenzi. Husomwa "ni sawa na". Al-Khwarizmi, aliyeandika aljebra yake mjini Baghdad katika karne ya 9, aliieleza yote kwa maneno, bila alama tunazozitumia leo. Alama zilikuja baadaye kufupisha sentensi ambazo tayari zilikuwa na maana.

Wa pili watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Kwa hao, jibu limo katika historia ya alama hiyo hiyo ya usawa. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde, tabibu mzaliwa wa Wales, katika kitabu alichokiandika kwa Kiingereza wakati ambapo lugha ya wasomi wa Ulaya ilikuwa Kilatini. Alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Recorde alilazimika kubuni istilahi nyingi za Kiingereza, na baadhi yake hazikudumu. Hakusubiri lugha ikomae ndipo aandike. Lugha ilikomaa kwa kuandikiwa. Isitoshe, Kiswahili hakianzii patupu. Shufwa, witiri na tasa ni maneno yaliyozoeleka katika vitabu vya Hisabati vya shule za msingi za Tanzania, na Mwislamu wa pwani alilijua neno witiri kama jina la sala yenye rakaa za idadi isiyogawika kwa mbili kabla hajakutana nalo darasani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini katiba haiandiki thibitisho. Hiyo ni kazi ya wasomi.

Wa tatu, na wenye uzito zaidi, watauliza: maadamu mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, kwa nini kumbebesha mwanafunzi mzigo maradufu? Swali hili lina haki yake, na hakuna anayependekeza kwamba mitihani igeuzwe kesho. Linalopendekezwa ni kwamba mwanafunzi asiombwe kuvumbua hoja na kuivisha lugha ya darasani kwa pigo moja. Hoja ikishaeleweka, tafsiri ni kazi ya jioni moja. Hoja isipoeleweka, Kiingereza fasaha hakitaiokoa. Kitaficha tu pengo lililomo, na msahihishaji ataliona.

Na mapengo huwapo hata kwa walio bora. Mwezi Juni mwaka 1993, Andrew Wiles alitangaza mjini Cambridge uthibitisho wa kauli ya Fermat, iliyokuwa imewashinda watu kwa zaidi ya miaka 350. Wasomaji waliokabidhiwa kuukagua walimwandikia maswali, na katika swali moja pengo likajitokeza. Ilimchukua hadi Septemba 1994, akisaidiwa na Richard Taylor aliyekuwa mwanafunzi wake, kulipata suluhisho. Kazi yote ikachapishwa mwaka 1995. Kilichofichua pengo hilo ni msomaji makini aliyethubutu kuuliza hatua fulani imetoka wapi. Ikiwa Wiles alimhitaji msomaji wa namna hiyo, sembuse mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye uthibitisho wake husomwa mara moja tu, na mtu aliyekwisha kuchoka, wakati wa kutoa alama?

Hatua zinazohitajika si za gharama. Kwanza, katika kila juma la mwaka wa kwanza, itengwe saa moja ambapo wanafunzi watasomeana thibitisho zao wawili wawili kwa sauti, kwa lugha waipendayo, msikilizaji akiruhusiwa kusema jambo moja tu: "Kwa nini?" Mahali ambapo msomaji atakwama ndipo pengo lilipo. Pili, wahadhiri wapokee rasimu na kuzirudisha ziandikwe upya kabla ya kutoa alama, jinsi ambavyo wenzao wa Isimu na Fasihi hufanya na tasnifu. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili waache kuiogopa milango ya Idara ya Hisabati. Wakae na wenzao, wakusanye viunganishi na istilahi za uthibitisho, wavijaribu katika thibitisho halisi, na kuyatupa yasiyofaa. Majarida ya vyama vya Kiswahili yangeweza kutenga ukurasa mmoja katika kila toleo kwa ajili ya uthibitisho mmoja uliondikwa kwa Kiswahili sanifu. Mtu aliyejifunza kulikataa shairi la kiarudhi kwa sababu ya mizani moja iliyopungua katika ubeti wa tano hawezi kudai kwamba ukali wa kanuni ni jambo geni kwake.

Mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi yenye sifuri hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumweleza kwamba, kuanzia siku ile, hesabu zake zilikuwa na msomaji, na kwamba msomaji huyo ana haki ya kutoamini hadi asadikishwe. Aliyeandika "Na nyingine je?" alimpa swali zuri kuliko yote katika taaluma hiyo. Iliyobaki ni kumpa pia maneno ya kulijibu, na maneno hayo mengi anayo tayari. Ameyasema tangu utotoni.